Mgeni Ndo Aliyepona

Usiku mmoja binti ambaye namhesabu kama mdogo wangu alinitumia barua yake ya maombi kwenye WhatsApp, kurasa mbili, akasema dada naomba uipitishe macho kabla sijatuma, dedlaini keshokutwa. Anaomba kwenda kujitolea nje ya nchi. Nikaisoma nikiwa nimeshalala kitandani. Barua nzuri, lugha imenyooka, na katikati kulikuwa na sentensi aliyoiwekea rangi ya njano maana hapo ndo alitaka maoni yangu hasa: "Nitabadilisha maisha ya watu nitakaowakuta."

Chini kabisa, nje ya barua, akaongeza: "Alafu dada, we uliporudi kila mtu alisema umebadilika. Nini kilikubadilisha?"

Barua nilimrudishia usiku uleule. Hilo swali sikuwa na jibu lake.

Wiki zimepita, nimelibeba kazini, nimelibeba kwenye daladala, nimeanza kuandika mara kadhaa nikafuta, kwa sababu kila jibu lililokuja haraka lilikuwa lile jibu la kwenye tangazo na nilijua siyo lenyewe.

Kile kilichotangazwa

Ukifungua ukurasa wowote wa hizi programu unakuta ahadi mbili zimekaa pamoja: utaibadilisha dunia, na safari itakubadilisha wewe. Tumezizoea mpaka hatuzisomi tena. Mi nilienda mara ya kwanza kama mtu wa kujitolea, baadaye sana nikaenda tena, nchi nyingine, safari hii kama intani ofisini. Zote mbili zilinibadilisha, hilo sibishi. Niliporudi niliacha njia niliyokuwa nimejipangia tangu chuo, nikabadili kazi, nikabadili hata namna ninavyokaa kwenye kikao na wakati gani nafungua mdomo.

Ila nikitaka kuonyesha kwa kidole kwamba hapa ndo palipobadilika, sioni ndege, sioni picha, sioni cheti. Naona ile miezi ya kuwa mtu asiyejua kitu katikati ya watu wanaojua, na jinsi walivyonivumilia.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Barua ya yule binti imejengwa juu ya imani hiyohiyo, na yangu ya miaka ile ilikuwa hivyohivyo. Kwa niliyoyaona mimi, aliyepona ni mgeni.

Sasa kama mgeni ndo amepona, gharama ya uponaji ilitoka mfukoni kwa nani?

Kuwa mtu asiyejua

Ukiwa kwenu hujui ni vitu vingapi vinakubeba. Ukiongea, watu wanajua hapa anatania, hapa amekasirika. Jina lako lina maana, shule uliyosoma ina maana, hata ukikaa kimya kuna anayejua kwa nini umekaa kimya. Kule ugenini vyote hivyo vinaisha siku moja, unabaki wewe na begi lako na sentensi chache ulizokariri, na mtoto mdogo wa jirani anaongea lugha ya pale kukushinda.

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alitoa mhadhara Rio de Janeiro mwaka 1954 akaielezea hali hii, ile inayoitwa mshtuko wa utamaduni. Alisema kinachomtikisa mtu ni kupotelewa na zile ishara ndogondogo za kila siku: lini unampa mtu mkono, lini unakubali mwaliko na lini unaukataa, lini maneno ya mtu uyachukue kama yalivyo. Niliposoma hayo miaka mingi baada ya kurudi nilijiona mwenyewe. Mi sikuteswa na jambo kubwa lolote. Nilikuwa nachoka tu, jioni nafika chumbani nimechoka kama mtu aliyebeba mizigo, wakati mchana kutwa nilikuwa nimekaa naangalia nyuso za watu nijue kama nimeeleweka.

Mwaka 1955 Mnorwe Sverre Lysgaard alichapisha utafiti kuhusu Wanorwe waliopata ufadhili wa Fulbright kwenda Marekani. Alikuta waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu kuliko waliokaa chini ya hapo, na kuliko waliokaa zaidi. Kutoka hapo ukazaliwa ule mchoro wa U ambao mpaka leo unaonyeshwa kwenye semina za kuwaandaa wanaosafiri, furaha mwanzo, unashuka, unapanda tena. Watafiti waliokuja nyuma wameutilia shaka sana, wapo waliokuta kwamba mwanzo wenyewe ndo mgumu kuliko kote. Kwangu mimi ilikuwa hivyo, sikupata hata hiyo furaha ya mwanzo wanayoisema.

Lakini hebu fikiria. Programu nyingi za kujitolea ni za wiki chache, miezi mitatu, ikizidi sana sita. Yani muda ambao mtu anaanza kujua salamu inaendaje na nani anaamua nini, ndo muda anaopanga begi kurudi. Alichokuja kukitoa hajakitoa bado. Alichokipata amekipata chote.

Peace Corps ya Marekani, tangu ianze mwaka 1961, muda wake wa kawaida wa kujitolea umekuwa miaka miwili, na kabla yake kuna miezi kama mitatu ya mafunzo ikiwemo lugha. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu siasa zake, hata mi ninayo, ila kwenye hilo la muda walielewa kitu.

Kabati la ripoti

Kulikuwa na mama mmoja pale nilipojitolea. Sitamtaja. Ndo alikuwa anaendesha kila kitu ingawa cheo chake kilikuwa kidogo, na kazi ya kunifundisha ilikuwa juu yake bila mtu yeyote kumuuliza kama ana nafasi. Kila asubuhi alikaa na mimi, akanionyesha faili, akanitambulisha kwa watu, akarudia sentensi moja polepole mpaka niishike, alafu nikishaondoka mezani kwake ndo anaanza kazi zake. Jioni wote tunaondoka, yeye anabaki.

Mwanzoni nilichukulia ni ukarimu tu, nikashukuru, nikaendelea.

Siku moja akanituma kabatini nikatafute karatasi fulani. Kwenye rafu ya chini nikakuta ripoti zimepangwa, nyingine zimebanwa kwa pini, nyingine zina jalada zuri la rangi, zimeandikwa na watu waliojitolea pale kabla yangu, miaka na miaka, kutoka nchi mbalimbali. Nikakaa chini nikaanza kuzifungua. Karibu kila moja ina sehemu ya mapendekezo. Na mapendekezo yanafanana kupita kiasi: boresheni utunzaji wa kumbukumbu, fanyeni vikao vya kila wiki, anzisheni utaratibu wa kupokea maoni. Mi mwenyewe kwenye laptopu yangu nilikuwa na dokumenti niliyoanza kuiandika, na kichwa cha sehemu ya tatu kilikuwa ni utunzaji wa kumbukumbu.

Yule mama akaja akanikuta nimekaa sakafuni. Hakukasirika. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Wote mnaandika mapendekezo. Anayebaki kuyafanya ni mimi."

Nikamuuliza, amewafundisha wangapi. Akasema aliacha kuhesabu.

Nikamuuliza kama hachoki. Akanyamaza kidogo, alafu akasema wengine waliondoka wakiwa watu wazuri zaidi kuliko walivyokuja, na hilo analipenda. Ila angependa siku moja aletewe mtu atakayemuuliza kwanza yeye anahitaji nini.

Hapo ndo nilipogeuka. Wengi wakisimulia safari zao wanataja mlima walioupanda au mtoto aliyewakumbatia. Mi nilikuwa sakafuni mbele ya kabati, na nilichokiona ni kwamba kubadilika kwangu ni kazi ya mtu. Kuna binadamu alikuwa anatoa saa zake za asubuhi, miaka nenda miaka rudi, ili vijana kutoka mbali wakomae, na hakuna sehemu kwenye bajeti wala kwenye ripoti ambapo saa hizo zimeandikwa.

Ile dokumenti yangu sikuiendeleza. Muda uliobaki nilimuuliza kila Jumatatu anahitaji nini wiki hiyo. Mara nyingi ilikuwa ni vitu vidogo sana, kupanga, kunakili, kupiga simu, kukaa mapokezi ili mwenzake aende kliniki. Sijawahi kuona aibu kuisema kazi hiyo.

Kambi iliyobidi ifungwe

Tangu hapo nikawa nasoma historia ya mambo haya kila nikipata nafasi, na kuna kisa kimoja nakirudia mara nyingi.

Mwaka 1920, vita kuu ya kwanza imeisha juzi tu, Mswisi mmoja aitwaye Pierre Cérésole alikusanya watu wachache wa kujitolea wakaenda kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, sehemu iliyosagwasagwa kwenye mapigano ya 1916. Walienda kujenga upya. Na kwenye kundi hilo walikuwemo Wajerumani, kwa makusudi kabisa, maana wazo lenyewe lilikuwa kwamba waliokuwa maadui wabebe matofali pamoja. Kutokana na kambi hiyo ikakua Service Civil International ambayo ipo hadi leo.

Nia yao haikuwa na doa. Walifanya kazi kweli kweli. Lakini miezi michache tu baadaye wakalazimika kuondoka, kwa sababu uwepo wa Wajerumani pale ulikuwa mzito mno kwa wenyeji.

Wanaokisimulia kisa hiki huwa wanaruka hapo haraka wakimbilie mafanikio yaliyofuata. Mi nabaki palepale. Watu wa kijiji kile walikuwa wamezika watoto wao, nyumba hazipo, na bado walikuwa na haki ya kusema hapana kwa mkono uliokuja kuwasaidia. Hapana yao ilisikika. Leo ni mwenyeji gani anaulizwa? Kwenye programu nyingi mgeni anachagua nchi, anachagua tarehe, anachagua anapenda kufanya kazi na watoto au wanyama au mazingira, na mwenyeji anapokea orodha ya majina.

Mwaka 1968 padri Ivan Illich alialikwa kuzungumza mbele ya Wamarekani waliokuwa wakipeleka wanafunzi wao kujitolea vijijini Mexico. Aliwaambia waziwazi waje kutembea, waje kusoma, waje kupanda milima, ila wasije kusaidia. Nilipoyasoma maneno yake kwa mara ya kwanza nilikasirika, nikaona amewavunja moyo vijana waliokuwa na nia njema. Siku hizi nakubaliana naye nusu. Nusu ninayoikataa ni kwamba yeye aliona hakuna msaada ambao mgeni anaweza kuutoa kule, wakati mimi nimeona kwa macho yangu kwamba mtu anaweza kwenda akawa na faida, akienda chini ya mtu wa pale, akapewa kazi na mtu wa pale, akaambiwa inatosha na mtu wa pale.

Intani anajulikana amekuja kujifunza

Nilipoenda nje mara ya pili nikiwa intani nilishangaa jinsi moyo wangu ulivyokuwa mwepesi.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Intani anaingia mlangoni akiwa ameshakubali kwamba hajui. Ana msimamizi, ana kitu anatakiwa ajue kabla hajaondoka, na kila mtu ofisini anafahamu kwamba huyu amekuja kuchukua elimu. Hakuna anayejifanya mkombozi. Mkataba uko wazi kuhusu nani anampa nani nini.

Na ukiangalia waliozianzisha hizi za mafunzo kazini, walifikiria hivyohivyo. IAESTE, inayobadilishana wanafunzi wa fani za ufundi na sayansi, ilianzishwa mwaka 1948 pale Imperial College, London, na utaratibu wake mpaka leo ni wa nipe nikupe: nchi inatoa nafasi, inapata nafasi. AIESEC, shirika la vijana la kubadilishana wanafunzi, nayo ilianza mwaka huohuo wa 1948, Ulaya ikiwa bado kifusi. Hawakusema tunaenda kuwaokoa jirani zetu. Walisema wa kwenu aje kwetu, wa kwetu aje kwenu, tujuane, labda tusipigane tena.

Mi natamani kujitolea nako kungekuwa na unyoofu huo. Sema tu umekuja kujifunza. Heshima yako haipungui hata kidogo.

Watoto

Hapa sitazunguka. Kama programu inakupeleka kwenye kituo cha watoto yatima kwa wiki mbili au mwezi, usiende.

Cambodia ndo mfano unaojulikana zaidi. UNICEF ilieleza kwamba kati ya 2005 na 2010 vituo vya kulea watoto viliongezeka kwa asilimia 75, na karibu robo tatu ya watoto waliokuwa humo walikuwa na mzazi aliye hai. Yatima hawakuwa wameongezeka kiasi hicho. Walioongezeka ni wageni wenye huruma na pesa, na panapokuja pesa kwa ajili ya yatima, yatima watatafutwa. Mwaka 2018 Australia ilipopitisha sheria yake dhidi ya utumwa mamboleo, usafirishaji wa watoto kuwapeleka kwenye vituo vya namna hiyo ulitajwa kuwa sehemu ya tatizo hilo.

Alafu kuna jambo lisilohitaji takwimu. Mtoto anakuzoea, anakupa jina, anakusubiri mlangoni, wewe tarehe yako inafika unaondoka, anakuja mwingine, anamzoea, anaondoka. We unarudi na picha na moyo uliojaa, umebadilika kweli. Mtoto amefundishwa kwamba kila anayempenda ataondoka.

Kama ndo njia ya kubadilika, bora nisibadilike.

Nani anaweza kwenda

Kuna kitu kingine kilichokuwa kinanikwaza kila nikitaka kumjibu yule binti, nacho ni hii hadithi kwamba safari kama hizi zinamfungulia mtu yeyote mlango. Mtu yeyote yupi? Viza inataka taarifa za benki. Inataka bima, tiketi ya kurudi, barua ya mwaliko. Zipo pasipoti zinazopita bila hata kuangaliwa, na zipo ambazo mwenye nayo anahojiwa kama mtuhumiwa ingawa anaenda kufanya kazi bure.

Na hilo la bure lenyewe. Intanshipu za Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa zinachukua miezi miwili hadi sita na hazina mshahara, kwa hiyo nauli na pango unajitegemea, na ofisi zenyewe ziko kwenye miji kama New York na Geneva. Mwaka 2015 kijana mmoja kutoka New Zealand aliyekuwa intani wa Umoja wa Mataifa alipigwa picha akiishi kwenye hema Geneva, habari ikazunguka dunia nzima, na baadaye akaeleza kwamba alitaka suala la intani wasiolipwa lizungumzwe. Yakazungumzwa kweli. Yapo mashirika ndani ya mfumo huohuo yanayowapa intani wao posho, ILO (lile shirika la kazi) na UNICEF kwa mfano, kwa hiyo inawezekana, ni uamuzi tu.

Upande wa kujitolea iko ya kulipwa posho ya kujikimu, kama UN Volunteers ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha mwaka 1970 na makao yake yako Bonn, na iko ile ambayo we mwenyewe unalipa ili ukafanye kazi. Kulipa si kosa lenyewe kama lenyewe, kuna gharama halisi za kumpokea mtu, tumeona habari ya yule mama. Ila uliza hela yako inaenda wapi. Uliza inamfikia nani kule, kiasi gani. Kama hawana jibu la kunyooka, hapo umeshajibiwa.

Nilipompigia simu yule binti mwishowe tuliongea sana, na hayo ndo niliyomwambia aulize: mwenyeji alikuomba wewe au alipangiwa tu, nani atakufundisha na analipwa nini kwa kukufundisha, na ukiondoka kazi yako anashika nani. Akaandika kwa waratibu. Sehemu moja wakamjibu kwa uzuri na kirefu, nyingine wakamtumia tena broshua. Ile sentensi ya njano ameiondoa mwenyewe, sikumwambia.

Kurudi

Watu wanakuandaa kwa kuondoka, kwa kurudi hakuna anayekuandaa. Mwaka 1963 mtu na mke wake, watafiti John na Jeanne Gullahorn, waliongeza U ya pili kwenye ule mchoro, ikawa W, kwa kuwa waliona kwamba anayerudi kwao naye anaanguka na kupanda upya. Hii sehemu ya mchoro siitilii shaka hata kidogo.

Unarudi, watu wanauliza kulikuwaje, na una kama dakika moja ya kujibu kabla mazungumzo hayajahama. Hawana ubaya. Maisha yao yaliendelea, walizika, walizaa, walihama nyumba, na we hukuwepo. Mi nilikaa muda nikiwa mgeni mara mbili, mgeni kule na mgeni huku, nasikia hasira za ajabu kwa vitu ambavyo zamani sikuviona.

Kilichonitoa humo ni kazi. Ofisini walikuja vijana wapya wa fildi, na kama kawaida hakuna aliyetaka kukaa nao, wakawekwa pembeni na simu zao. Nikajikuta nimevuta kiti. Nikawa nakaa nao asubuhi kabla ya kufungua imeili zangu, faili kwa faili, mtu kwa mtu, narudia taratibu. Sikujua naiga. Ni mwenzangu mmoja aliyeniuliza, hivi we umejifunzia wapi kufundisha hivi, nikashindwa kumjibu kwa sababu koo lilibana.

Nikiambiwa nitaje badiliko moja ambalo naweza kulionyesha, ni hilo la kuvuta kiti.

Mengine yanayosemwa, kujiamini, kuona mbali, kupata marafiki wa mataifa, yapo, nayashukuru, na CV yangu imesaidika, siwezi kukataa. Ila hayo ungeweza kuyapata kwa njia nyingine. Hili la kiti lilihitaji mtu wa kunivutia kiti kwanza, mahali ambapo hakuwa na deni lolote kwangu.

Umri wa mwenyeji

Na yule mama bado tunaandikiana. Mwaka huu aliniambia kitu ambacho ndo hasa kimenikalisha chini kuandika yote haya.

Aliniambia naye anataka kwenda. Amepokea vijana kutoka kila upande wa dunia, anazijua nchi zao kwa kuhadithiwa, na anataka aende mahali akae miezi kadhaa aone wenzake wanaendeshaje kazi kama yake. Akaniomba nimsaidie kutafuta programu.

Nikaanza kutafuta, na kila nilipofika nikakuta ukuta uleule. European Solidarity Corps ya Umoja wa Ulaya, kujitolea ni miaka 18 hadi 30. Weltwärts ya Ujerumani, ambayo tangu 2013 inapokea pia vijana wanaotoka kusini kwenda kule, na hilo nalisifu kwa moyo wote, nayo ni ya vijana, mwisho wake kwa kawaida ni 28. AIESEC, vijana. Kila mlango uliojengwa ili mtu akabadilike umeandikwa umri ambao yeye aliupita akiwa mezani pale, anatufundisha sisi.

Ninaelewa sababu zao. Kijana ndo anaanza maisha, mkiwekeza kwake mtavuna muda mrefu. Lakini basi tuseme wazi kwamba kuna watu kazi yao kwenye mpango huu ni kubadilisha wengine tu, na zamu yao haipo.

UN Volunteers wanachukua watu wa umri mkubwa wenye uzoefu, kwa hiyo tumeanzia hapo. Jumapili iliyopita tulikaa kwenye simu ya video tukijaza wasifu wake. Kwenye sehemu ya uzoefu aliandika cheo chake kile kidogo na mistari miwili ya majukumu, akasema imetosha, twende mbele. Nikamwambia hapana, hapa andika kwamba umefundisha watu wa kujitolea kutoka nje, taja walitoka nchi zipi, walikaa muda gani, ulikuwa unawafundisha nini. Akaniambia kile hakikuwa kazi, kile alikuwa anasaidia tu.

Tumebishana karibu saa nzima. Mwisho akakubali niandike mimi rasimu, yeye asahihishe. Nimeshaandika nusu ukurasa, na nimewaandikia wengine waliopita pale kabla na baada yangu, wale ambao majina yao yalikuwa kwenye zile ripoti na nimeweza kuwapata mtandaoni, niwaombe kila mmoja aandike alifundishwa nini na yule mama. Wanne wameshajibu.